Jeki ya Kuazimisha

Mbinga,
Jumapili, saa tisa na nusu alasiri.

Mwanangu Kordula,

Umetoka sasa hivi na mama yako kwenda kumuaga bibi, na nyumba imebaki na mimi na kuku. Nimepiga hesabu: kwenda, kukaa, kula kile ambacho bibi atawalazimisha kula, na kurudi. Nina saa mbili na nusu. Zinatosha kwa barua moja, nisipokaa sana kutafuta maneno mazuri.

Sitakuandikia habari za kula, kulala, kusali na kuchagua marafiki. Hayo mama yako amekwambia wiki nzima, na ungali na safari ya kurudi kutoka kwa bibi ya kuyasikia tena. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni jeki.

Najua unacheka. Jana tulimaliza asubuhi nzima juu ya jeki, na huenda unadhani baba amezeeka, hana habari nyingine. Lakini kesho Bi Zuhura anakukabidhi gari lake, Haisi kama hili langu, ulipeleke Tunduru kwenye duka lake jipya, na kazi yako huko itakuwa kusambaza mizigo vijijini, peke yako, kwenye barabara ambazo mimi sizijui. Pancha utapata. Siku hiyo, gari zima na mzigo wake vitakuwa vimekaa juu ya chuma kisichozidi urefu wa mkono wako kutoka kiwiko hadi kidole, na wewe utakuwa umepiga magoti kando yake. Hilo ni la kwanza. La pili ni neno ulilolisema jana dukani huku ukicheka, nami nikageuka kutazama barabarani. Nitalifikia. Niache nianze na lililo jepesi.

Katika shajara yangu ya jana nimeandika hivi: "Jumamosi. Mimi na Kordula kwa Mzee Bakari. Jeki tatu zimejaribiwa, moja imenunuliwa. Kordula ana akili kuliko nilivyodhani." Hilo la mwisho nilitaka kukwambia palepale, lakini Mzee Bakari alikuwa anatusikiliza.

Maishani mwangu nimenunua jeki tano, na tatu kati ya hizo nilizinunua kwa macho. Moja niliipendea rangi. Nyingine niliinunua kwa sababu ilikuwa imeandikwa tani kumi, nikaamini maandishi kama mtu anavyoamini cheti cha ubatizo. Ilidumu msimu mmoja wa mvua, kisha ikawa unaipampu, inapanda, unageuka kuchukua spana, ukirudi unaikuta imekaa chini kama mgonjwa. Ya tatu sikuwa na sababu yoyote, ila muuzaji alikuwa mcheshi. Ndiyo maana jana, Mzee Bakari alipozipanga jeki tatu juu ya kaunta, nilinyamaza. Nilitaka nione wewe utafanya nini.

"Shikamoo, Mzee Bakari," ulimwamkia.

"Marahaba, dereva wetu. Hii chukueni mfumbe macho." Akaigonga ile kubwa nyekundu. "Tani kumi. Inanyanyua nyumba."

"Sisi hatuna nyumba ya kunyanyua, Mzee wangu. Tuna Haisi, na ndani yake magunia ya maharage. Naomba zote tatu tukazijaribu."

Nilifurahi, lakini sikuonyesha. Mzee Bakari alitufuata nje na kiti chake, akakaa kivulini kututazama. Familia yake ilitoka Kilwa na vitambaa, yeye amezaliwa hapa hapa Mbinga, na tangu nianze kuendesha gari sijawahi kununua kwake kitu bila kutaniwa. Alipoona nimekata kijiti cha kupimia urefu kutoka ardhini hadi kwenye chuma cha gari, akauliza, "Mzee Otmari, wewe unanunua jeki au unaposa?"

"Atakayekuja kuposa kwangu atapimwa kuliko hii."

"Basi binti atazeekea kwako!"

Tulilinyanyua gari kwa ile nyekundu mpaka tairi ikaacha ardhi, tukaagiza chai kwa mama wa jirani, tukanywa bila haraka. Chai ilipoisha kijiti hakikupita tena. Ilikuwa imeshuka kiasi cha upana wa ukucha.

"Imepumua kidogo tu," alisema Mzee Bakari.

"Na kesho, mimi nikiwa chini yake?" ulimwuliza. "Itapumua kidogo tu?"

Mpaka hapo nilikuwa ninakuona mwanafunzi mzuri wa mambo yangu. Kilichofuata sikukufundisha mimi. Uliinama ukaifungulia hewa tairi ya nyuma, ikatoka yote, gari likakaa. Mzee Bakari akapiga kelele kwamba unaharibu. Ukasema, "Baba, tunazijaribu jeki tairi ikiwa imejaa. Nani hupata pancha tairi ikiwa imejaa?" Ukaichukua ile ya pili, ndefu, nzuri, ambayo mimi nilikuwa nimekwisha kuichagua moyoni. Haikuingia chini ya ekseli. Ilikosa nafasi ya vidole viwili.

Mwanangu, nimeendesha gari kati ya Mbinga na ziwani zaidi ya miaka ishirini. Sikumbuki ni mara ngapi nimelala kifudifudi nikichimba shimo kwa spana ili jeki ndefu iingie chini ya gari lililokaa. Kila mara nililaumu barabara. Haikunijia hata siku moja kwamba kosa nililifanya dukani.

Tuliichukua ile ya tatu, fupi na nene, yenye mguu mpana na kichwa cha kuzungusha kinachoiongezea urefu. Iliingia chini ya gari lililokaa, ikalinyanyua na maharage yake yote, na baada ya chai ya pili kijiti kilipita vilevile. Uliipangusa chini kwa leso yako nyeupe, ukaifunua leso mbele ya Mzee Bakari kama hakimu. Haikuwa na tone la mafuta. Akasema, "Mchukueni, mahari imekubaliwa."

Kwa hiyo juu ya kuchagua jeki sina cha kukuongezea. Itunze ikiwa imesimama, usiilaze ovyo nyuma ya gari, maana ikilala itaingiza hewa na siku ya kazi itakukana.

Sasa nakuja kwenye lile neno.

Tulipokuwa tunalipa, Mzee Bakari alitoa chini ya kaunta kijeki kidogo cha kukunja, cha gari dogo, akasema, "Chukueni na hiki, nitawapunguzia. Cha kuazimisha. Kila dereva anacho." Nawe ukacheka kwa sauti. Ukasema, "Siyo baba yangu, Mzee wangu. Baba huazimisha ile ile anayoitumia. Kamwulize Mjomba Nane."

Mzee Bakari alinitazama. Mimi nikatazama barabarani.

Mjomba Nane, yaani Gaudensi, kaka wa mama yako. Jina hilo mlimpa nyinyi watoto kwa sababu ya vidole vyake vinane, naye akalipenda kuliko la ubatizo. Na hadithi yake unaijua, umeisimulia tangu darasa la pili: gari lilimwangukia mjomba mkono kwenye mchanga wa ziwani, baba akatokea, akatoa jeki yake, akalinyanyua gari, akamwokoa. Uliwahi kuiandika kwenye insha shuleni, na mwalimu akaisoma mbele ya darasa. Kila ulichoandika ni kweli. Ila hadithi ile ina mwanzo, na mwanzo wake hukupewa.

Hapa kwetu Umatengoni, nyumba nyingi za zamani zilikuwa na majembe ya namna mbili. Mama yangu alikuwa na jembe moja zuri, analiweka chini ya kitanda. Jingine liliegemezwa mlangoni, limelika, mpini unacheza. Hilo lilikuwa la kuazimisha. Wakati wa kuchimba ngolo, yale mashimo yetu ya mashambani yanayoshika maji mteremkoni, kila mtu hutaka jembe, na kumnyima jirani ni aibu. Basi unampa. Unampa lile la mlangoni. Hakuna aliyeona ubaya, maana kila aliyepewa la mlangoni kwetu naye alikuwa na la mlangoni kwake.

Desturi hiyo mimi niliipandisha garini.

Nilipoanza kazi niliazimisha jeki yangu vizuri tu, ikarudi mara ya kwanza na mpini uliopinda, mara ya pili ikiwa na mchanga. Na kukataa huwezi. Kwenye barabara ya Lituhi, ukimpita mwenzako aliyepata pancha asubuhi, kufikia jioni madereva wote wanajua, na siku yako ikifika utakaa hapo na nzi. Nikanunua jeki mpya ya bluu, nzuri kweli, nikaifunga kwenye shuka kuukuu la mama yako, nikaisukuma chini ya kiti changu. Nyuma, mahali ambapo kila mtu anaona, nikaweka kijeki cha kukunja cha gari dogo, ndugu wa kile cha jana. Nyuzi za skrubu yake zilikuwa zimelika. Madereva walikuja wakakiazima, wakahangaika nacho nusu saa, wakanirudishia wakisema, "Ahsante Otmari, wewe una roho." Nami nikajibu, "Barabara ni yetu sote."

Nakuandikia hilo kwa mkono wangu ulione lilivyo. Nilisifiwa kwa kitu kibovu, na sifa nikazipokea.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano ya kiangazi, wewe hujaanza hata kutambaa. Nilikuwa natoka Ngumbo kwenda Lituhi kufuata samaki. Mahali barabara inapokata mto mkavu, nikamkuta Gaudensi. Siku hizo naye alikuwa dereva. Gari lake lilikuwa limejaa magunia ya usipa wakavu, wale dagaa wa ziwa letu, tairi ya nyuma imekaa, na jeki yake alikuwa amemwachia mtu Lituhi. Walikuwapo pia madereva wawili waliosimama kusaidia, na wote wawili nilikuwa nimekwisha kuwaapia siku za nyuma kwamba jeki ninayo moja tu.

"Shemeji! Mungu amekuleta," alisema Gaudensi.

Nilishuka. Kiti changu kilikuwa na jeki ya bluu chini yake, na nilijua. Nikienda kuitoa, wale wawili wataiona. Nilizunguka nyuma nikatoa kile kijeki.

Gaudensi alikigeuza mkononi. "Hiki kitabeba?"

"Kitabeba. Juzi nimenyanyulia langu."

Sikuwa nimenyanyulia langu.

"Tupunguze magunia kwanza?"

"Ya nini? Ni dakika kumi tu, shemeji, ukiwashusha utawaanika samaki mara ya pili."

Wakacheka, nami nikacheka. Kijeki kilipanda kwa shida, kikafika mwisho, na nafasi ya kuingiza tairi iliyojaa haikutosha. Tairi mbovu tulikuwa tumekwisha kuitoa. Gaudensi akapiga magoti akaanza kuondoa mchanga kwa mkono pale chini ya ngoma ya breki, ili ile tairi ya akiba niliyoishika mimi ipate nafasi. Nilisikia mlio mdogo, kama bua la mahindi linapovunjika. Gari likashuka.

Hapo ndipo hadithi yako inapoanzia. Ni kweli nilikimbia. Ni kweli nilitoa jeki, nikalirarua shuka, nikaisukuma chini ya gari nikapampu mpaka mkono wa Gaudensi ukatoka. Ni kweli nilimpakia kwangu nikampeleka kutibiwa, na njia nzima hakusema neno ila, "Usipa wangu mtu awafunike." Aliacha huko vidole viwili. Watu wakasema Otmari amemwokoa shemeji yake. Wale madereva wawili walijua, lakini mmoja alihama na mwingine naye alikuwa na kijeki chake cha mlangoni.

Leo baada ya misa nimetoa madaftari ya zamani kwenye sanduku, nikalipata la mwaka ule. Siku hiyo niliandika: "Jumatano. Gaudensi kaumia vidole. Jeki iliteleza mchangani." Basi. Iliteleza, kama vile ilikuwa na miguu. Unajua madaftari hayo hayasomi mtu ila mimi. Sikuwa namdanganya mke wangu wala polisi. Nilikaa chini, nikachonga penseli, nikajidanganya mwenyewe kwa mwandiko mzuri.

Kijeki kile nilikitumbukiza chooni wiki ile ile. Tangu hapo jeki niliyoitumia ndiyo niliyoazimisha, na ikirudi imepinda nainyoosha. Kwa hiyo, Kordula, ulichokiona kwa macho yako ni kweli. Ulipoanza kupanda gari na mimi, ulimwona baba asiyempita mtu. Sikuwa naigiza. Lakini nilijifunza kwa vidole vya mtu mwingine, na nikakuacha uamini kwamba nilizaliwa hivyo.

Ndiyo maana nilikuwa mkali jana asubuhi ulipotaka kulegeza nati gari likiwa tayari juu. Nati hulegezwa tairi ikiwa chini, kisha ndipo unanyanyua. Ndiyo maana nimekuwekea ule ubao mpana wa kwenda nao, wa kuweka chini ya jeki kwenye mchanga au tope. Ndiyo maana nilikwambia ushushe mzigo hata kama abiria au mwenye mzigo ananung'unika. Na lile la kulaza tairi ya akiba chini ya chasisi kabla hujaingiza mkono popote, ambalo uliniambia ni uoga wa wazee: tairi ile, siku ile, nilikuwa nimeishika mimi. Ingekuwa imelala chini ya gari, gari lingeangukia mpira, na mjomba wako mngemtafutia jina jingine.

Jana mchana, baada ya kutoka dukani, nilikwambia nakwenda kumwona fundi. Sikwenda kwa fundi. Nilichukua bodaboda hadi Namswea.

Gaudensi nilimkuta kwenye vichanja vya kahawa, anageuza kahawa kwa ule mkono wake wa vidole vitatu, upesi kuliko mimi na vitano. Aliponiona akasema, "Shemeji na bodaboda! Gari limekushinda au mke amekufukuza?"

"Nina neno."

"Sema huku unageuza. Kahawa haina masikio."

Nikasimama upande wa pili wa kichanja, nikageuza kahawa, nikasema. "Siku ile ya mtoni nilikuwa na jeki nyingine, Gaude. Nilikuwa nayo tangu mwanzo."

"Ya bluu," alisema.

Mikono yangu ikasimama.

"Ilikuwa ya bluu, umeifunga kwenye shuka la dada yangu lenye maua. Shemeji, mimi niliumia vidole. Sikuumia macho."

"Miaka yote hii hukusema?"

"Ningemwambia nani? Dada? Angekuacha, angerudi nyumbani kwetu na mtoto mgongoni, na chumba chenyewe nilikuwa nalala mimi." Akacheka peke yake. Kisha akaacha kucheka. "Nilikasirika. Krismasi mbili sikuja kwako. Wewe ukawa unawaambia watu nina malaria."

"Nilidhani ni malaria."

"Hukudhani."

Tuligeuza kahawa hadi mwisho wa kichanja, tukahamia kingine. Nilimwambia naomba msamaha. Alisema alikwisha kusamehe zamani, hakumbuki hata mwaka, ila anakumbuka alikuwa anavuna, akagundua siku nzima imepita bila kunikumbuka, akajua imekwisha. Akaniambia jambo jingine. "Hata mimi nina jembe la mlangoni. Lile pale. Ukiniomba leo nakupa lile." Tukacheka mpaka mke wake akachungulia kutoka jikoni.

Nilidhani tumemaliza. Nilipoaga, akanishika bega.

"Sasa kwangu umekuja kufanya nini? Mimi ninajua. Nenda kwa asiyejua."

"Kordula?"

"Mtoto anakwenda barabarani na nusu ya hadithi. Siku atakapofanya kosa lake, na atalifanya, atajiona si mtoto wa baba yake. Atalificha. Mwambie."

Nilimjibu kwamba utaniona mtu mdogo. Akasema, "Mimi nilikuona mdogo miaka miwili. Hukufa."

Basi hiyo ndiyo sababu ya barua. Nimeizunguka kwa kurasa za jeki na chai, lakini nilichokuwa nakiogopa ni hicho. Unapotamka "baba yangu" mbele ya watu, kama ulivyotamka jana, kuna kitu kwenye sauti yako ambacho nimekaa nacho miaka mingi kama mtu aliyekaa karibu na moto. Nisingependa kukipoteza. Nikiwa mkweli, ningeweza kunyamaza, na wewe ungekwenda nacho Tunduru, nami ningebaki nikikisikia kwenye simu kila Jumapili. Lakini kingekuwa cha mtu mwingine, yule wa kwenye insha.

Usinielewe kwamba nina huzuni. Sina. Jana usiku nililala vizuri kuliko wiki nzima. Nina mke anayeimba akichambua maharage, nina shemeji ambaye amenitukana vizuri na kunipa debe la parachichi la kurudi nalo, na nina binti ambaye hufungulia hewa tairi nzima ili ajue jeki itamfaa siku mbaya. Dereva gani wa barabara hii amewahi kulifikiri hilo? Nimemwuliza Mzee Bakari nilipopita dukani kwake nikitoka misani. Akasema hakumbuki, na akaniomba nikuulize kama unataka kazi kwake.

Ukiombwa jeki huko uendako, toa hiyo fupi. Itarudi imechafuka, pengine imepinda. Ukiona unashindwa kuiachia kwa mtu usiyemjua, shuka umnyanyulie mwenyewe gari lake, ndivyo nifanyavyo siku hizi. Na ukimaliza ondoa mawe uliyozuilia matairi. Madereva wetu huyaacha katikati ya barabara, na mimi niliyaacha miaka mingi, sijui yamemwangusha nani. Hilo nalo sikuliandika kwenye daftari.

Kuna jambo la mwisho, halafu naweka kalamu. Nilipoanza kuandika, nilikuwa nimepanga kuisukuma barua hii katikati ya nguo zako, chini kabisa, uikute ukifika Tunduru. Niliona ni vizuri, utaisoma ukiwa umetulia. Sasa nikiutazama mpango huo naona nilitaka milima yote ya Namtumbo iwe kati yangu na uso wako. Ungekasirika ukiwa mbali, ungepoa ukiwa mbali, nami ningepokea sauti iliyokwisha kutengenezwa.

Nawasikia mnapanda njia. Mama yako anacheka, kwa hiyo bibi amesema kitu. Nitakupa barua hii mkononi sasa hivi, kabla hujavua viatu, nitakaa kwenye kiti hiki hiki mpaka uimalize. Soma polepole kama unavyosoma kila kitu. Ukifika kwenye mstari huu, inua macho. Niko mbele yako.

Baba yako,
Otmari